Chumba cha Dola 45 na Ukuta Unaopukutika

Usiku wa kwanza Unguja niliamka shingo inawasha. Nikawasha taa: mto umejaa unga mweupe, na magamba ya rangi yametapakaa juu ya shuka. Nyumba ya wageni yenyewe ni ya kale kweli, mlango wake umechongwa maua, na nadhani ni mlango huo tunaoulipia: dola 45 kwa usiku, chai ya asubuhi mbali. Nikaugusa ule unga kwa ncha ya ulimi. Chumvi.

Nilitoka Mombasa kuja kuiona Beit el-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883. Sehemu yake kubwa ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafariki. Nililitazama kutoka Forodhani kwa robo saa, nikaondoka kimya. Siku mbili zilizofuata hazina cha kusimulia isipokuwa joto na bei ya soda. Kilichonishika ni kichochoro kimoja ambako mafundi watatu walikuwa wakibandua saruji ukutani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hoteli hapo mbele, mkono wa kulia."

"Sitafuti hoteli. Natafuta chumvi ya kwenye mto wangu imetoka wapi."

Akacheka, akapindua ndoo nikalie. Sikunyanyuka mpaka adhana ya adhuhuri.

Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, unene wake nusu mita na zaidi. Chini hakuna kitu cha kuzuia maji ya ardhi, kwa hiyo ukuta huyanywa, kisha huyatoa nje kama jasho. Plasta ya chokaa huyapisha. Saruji huyaziba, nayo yakizibwa hayarudi chini: hupanda juu zaidi yakitafuta upenyo, yakikauka yanaacha chumvi, na chumvi ikiganda huvimba nyuma ya rangi na kuisukuma. Ndiyo maana mwenye nyumba anayepiga saruji mpaka kiunoni baada ya miaka michache huuona unyevu umefika kifuani. Ananunua mfuko mwingine.

Mzee alikuwa na utaratibu wake na hakutaka upindishwe. Kwanza tazama juu, usitazame ukuta. Mlizamu uliotoboka, bomba la choo cha ghorofani, mrija wa kiyoyozi unaodondoka: hivyo vizibwe kabla ya mwiko kuguswa, kisha ukuta uachwe ukauke, wiki kadhaa kama si miezi. Saruji ibanduliwe kwa nyundo ndogo na patasi kuanzia juu, maana matumbawe ni laini na nyundo kubwa hung'oa jiwe pamoja na plasta. Viungo vichokolewe sentimita mbili au tatu. Chumvi ifagiliwe kavu, kamwe isioshwe. Ukiiosha umeiyeyusha na kuirudisha ndani. Hapo kijana wake alikuwa ameshika ndoo ya maji, akaiweka chini taratibu.

Chokaa chake kilikuwa kimelala shimoni kwenye maji zaidi ya mwezi, laini kama siagi. Kipimo ni karai moja ya chokaa kwa matatu ya mchanga, na mchanga usiwe wa pwani, kwa sababu ukiutumia huo utakuwa umenunua chumvi ile ile uliyokuwa ukiifukuza. Mashimo makubwa hujazwa vijiwe, si chokaa kitupu. Ukuta ulowanishwe, plasta ipigwe kwa tabaka lisilozidi sentimita moja na nusu, kisha funika kwa magunia mabichi na uyalowanishe kila siku kwa wiki nzima kabla ya tabaka la pili. Jua likiiwahi inapasuka, na ukiipangusa kwa kiganja inatoka unga. Ikiiva, inapakwa maji ya chokaa mepesi kama maziwa, mara nne au tano. Rangi ya plastiki ni saruji iliyovaa nguo nzuri, alisema.

"Na kama nina haraka, nikitia saruji kidogo tu?"

"Mwanangu, hiyo kidogo tu ndiyo ninayoibandua hapa."

Nilidhani ukuta ndio ugonjwa mkubwa. Akanipandisha ghorofani, akadunga bisibisi kwenye ncha ya boriti inapoingia ukutani. Iliingia hadi mpini. Katikati boriti ilikuwa ngumu kama chuma, lakini ncha zimefungiwa ndani ya ukuta usiopumua, zikaoza pasipo kuonekana. Juu yake mtu aliwahi kumwaga zege la sentimita kumi ili apate bafu: kilo 240 kwa kila mita ya mraba, kabla hujaweka maji wala mgeni.

Hapo ndipo ninapogombana na tunavyozipa nyumba hizi kazi mpya. Boriti ya mkoko hubeba upana wa kama mita tatu, basi; ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Forodha ya zamani ilipogeuzwa chuo cha muziki, vyumba vilifaa jinsi vilivyo: kuta nene hushika sauti, na hakuna anayedai bafu kwa kila mpiga udi. Ngome Kongwe ilipewa jukwaa uani, chini ya mbingu. Lakini nyumba ya familia moja inayokatwa vyumba kumi vya wageni na mabafu kumi inabebeshwa mabomba kumi yatakayovuja, na yatavuja. Kwetu Mombasa, Mji wa Kale ni hayo hayo, tena kwetu saruji iko duka la pembeni na chokaa ni cha kuagiza na kungojea. Nani atangoja mwezi?

Jioni nilipanda kitandani nikakagua dari. Juu kidogo ya mto wangu, nje ya dirisha, mrija wa kiyoyozi wa chumba cha juu ulikuwa ukidondoka ukutani, tone kwa tone. Nikamwonyesha kijana wa mapokezi, nikaomba apunguze hata dola tano. Alisikitika kwa heshima zote, akasema bei hawezi kuigusa, ila atashughulikia.

Asubuhi nikishuka na begi nikampita kwenye ngazi. Amebeba brashi na ndoo ya rangi mpya, nyeupe pe.