Joto halikai ndani ya maji: nilivyofundisha vipimo vya hali na vya njia hapa Moshi

Mwalimu wa tuisheni ya fizikia hapa Moshi hakosi wa kumshauri atumie mlima Kilimanjaro kueleza vipimo vya hali na vya njia: kilele cha Uhuru ni mita 5,895, iwe umepanda kwa njia ya Marangu au ya Machame, ila mwendo haulingani. Kimo ni kipimo cha hali, kinategemea ulipo tu; mwendo ni kipimo cha njia, unategemea ulikopita. Mfano huo unafaa kwa dakika tano tu. Mwendo wa miguu hauwi hasi kamwe, wakati joto na kazi huwa hasi, tena kimoja huweza kushika nafasi ya kingine. Mwanafunzi aliyeishia mlimani bado anaamini maji ya moto "yana joto ndani yake", na anaandika ΔQ, yaani "badiliko la joto", bila wasiwasi.

Mimi naanza na blenda. Nusu lita ya maji ya nyuzi 24 inaingia kwenye jagi lililofungwa taulo, inasagwa mpaka ifike nyuzi 29. Nusu lita nyingine inapashwa kwenye sufuria mpaka 29 hiyohiyo. Blenda iende dakika moja, ipumzike, iende tena. Ukiilazimisha mfululizo mota inachemka na kupasha jagi kwa chini, jaribio linaharibika. Usitie kipimajoto kabla visu havijasimama kabisa. Na kama unahakiki kipimajoto kwa maji yanayochemka, usikitupe kikisoma karibu 97: kwa mwinuko wa Moshi ndivyo inavyopasa.

Kisha vikombe viwili vinawekwa mezani bila alama. Kipi kilisagwa, kipi kilipashwa? Hakuna kipimo kinachoweza kujibu. Yote mawili yameongezewa jouli 10,500 hivi za nishati ya ndani, moja kwa kazi, jingine kwa joto. James Joule alilionyesha hilo mwaka 1845 kwa makasia yaliyozungushwa na mizigo inayoshuka. Joto na kazi ni majina ya namna nishati inavyovuka mpaka. Ikishavuka, majina hayo yamekwisha. Ndiyo maana darasani kwangu Δ, alama ya badiliko, haikai mbele ya Q (joto) wala W (kazi).

Sehemu ninayojivunia zaidi ni karatasi ya grafu, ya mia chache tu dukani. Gesi bora (gesi ya kufikirika ambayo nishati yake ya ndani hufuata jotoridi tu), ya atomu mojamoja, inaanza na kilopaskali 200, lita 10, kelvini 300. Inaishia kilopaskali 100, lita 20, kelvini 300 zilezile. Eneo lililo chini ya mstari wa njia ndilo kazi iliyofanywa na gesi. Kwa mlalo, sentimita 1 ni lita 2. Kwa wima, sentimita 1 ni kilopaskali 20. Anza mihimili yote miwili kwenye sifuri, la sivyo eneo linadanganya. Kilopaskali mara lita ni jouli moja kwa moja, hivyo kila sentimita ya mraba ni jouli 40.

Njia ya kwanza: tanua kwa kilopaskali 200, halafu poza ujazo ukiwa palepale. Mstatili wa 5 kwa 10, jouli 2,000. Ya pili: poza kwanza hadi kilopaskali 100, ndipo utanue. Mstatili wa 5 kwa 5, jouli 1,000. Ya tatu inashika kelvini 300 mwanzo hadi mwisho, na hapo kuna mkunjo. Weka nukta kwenye kimo cha 10, 8.33, 7.14, 6.25, 5.56 na 5, ziunge kwa mistari iliyonyooka, jumlisha trapeza tano: jouli 1,391. Hesabu ya logi inatoa 1,386. Hizo 5 za ziada si uzembe. Mkunjo umebonyea chini ya mistari.

Kazi tatu tofauti, na nishati ya ndani haijabadilika hata kidogo, kwa kuwa jotoridi la mwisho ni lilelile. Basi jumla ya joto lililoingia italingana na kazi katika kila njia. Wasiishie kuamini, wahesabu: njia ya kwanza imeingiza 5,000 na kutoa 3,000, ya pili imetoa 1,500 na kuingiza 2,500.

Hapo ndipo naleta entropi, jina alilolitoa mwanafizikia Clausius mwaka 1865. Gawanya kila kipande kidogo cha joto kwa jotoridi lake, jumlisha. Njia zote tatu zinatoa jouli 4.62 kwa kelvini. Kipimo cha njia kimegeuka kipimo cha hali kwa kugawanywa tu, mradi mabadiliko yaende polepole kiasi cha kuweza kurudishwa.

Swali la mwisho huwa ni la gesi iliyofunguliwa iingie kwenye ombwe (nafasi tupu isiyo na kitu), toka lita 10 hadi 20. Kazi sifuri, joto sifuri. Wengi huandika badiliko la entropi sifuri pia. Jibu ni 4.62, kwa sababu hali ya mwanzo na ya mwisho ni zilezile za njia tatu za juu. Ukitaka kuihesabu, pita njia ya tatu.