Kijarida cha nyumba 340: nilivyokiendesha kijijini Suffolk

Tangazo linalosomwa kuliko yote katika kijarida cha kijiji cha Uingereza ni la mapipa ya taka. Kwa miaka minne nilihariri kijarida cha kijiji kimoja cha Suffolk, mashariki mwa nchi: nyumba 340, matoleo 10 kwa mwaka, kwa kuwa Julai na Agosti huunganishwa, Desemba na Januari vilevile. Kila mwisho wa mwaka swali lilikuwa lilelile: wiki ya Krismasi gari la taka litapita siku gani? Ukikosea hapo, watu wataburuta mapipa hadi barabarani siku isiyo yake na taka zitabaki hadi zamu inayofuata. Kutokana na mapipa hayo nilipata kipimo cha kila habari iliyonifikia: je, itamwepusha mtu na safari ya bure, au itamfanya agonge mlango wa jirani? Isiyofanya hata moja ilisubiri nafasi.

Kosa linalomwandama mhariri mgeni ni kuandika "halmashauri" bila kusema ipi. Kwetu kulikuwa na ngazi tatu. Ya chini ni baraza la kijiji, ambalo Waingereza wanaliita la parokia ingawa sheria ya 1894 ililitenga na kanisa. Hilo linashughulikia nyasi za uwanja, mabenchi, kibanda cha basi, pengine na makaburi. Juu yake kuna wilaya, yenye mapipa ya taka na vibali vya ujenzi. Kisha kaunti, yenye makao yake Ipswich, yenye barabara, shule na maktaba. Mtu akilalamikia shimo la barabarani kwa karani wa baraza la kijiji, karani ataipeleka barua kaunti na siku zitakuwa zimepotea. Kila habari ya namna hiyo niliimalizia kwa sentensi moja inayosema ni kazi ya nani na inaripotiwa wapi.

Habari za baraza lenyewe zina kalenda yake. Ajenda lazima itangazwe siku 3 kamili kabla ya mkutano, bila kuhesabu siku ya kuitangaza, siku ya mkutano, Jumapili wala sikukuu. Kwa kijarida cha mwezi, siku hizo ni chache mno. Kwa hiyo nilichapa tarehe za mikutano ya mwaka mzima, ambazo karani huzitoa mapema, pamoja na muhtasari wa mkutano uliopita. Muhtasari nao una mtego: mpaka mkutano unaofuata uuthibitishe, ni rasimu. Neno "rasimu" nililiweka kwenye kichwa cha habari, kwa herufi zenye ukubwa uleule, kwa sababu mtu akinukuu rasimu kama uamuzi, ugomvi hauishi. Maombi ya ujenzi ndiyo magumu zaidi. Wilaya hutoa siku 21 za maoni. Sisi tulifunga makala tarehe 15, kwa hiyo ombi lililotangazwa tarehe 16 lilikuwa limekwisha muda kabla toleo la kulibeba halijatoka. Hayo niliyapeleka siku hiyohiyo kwenye ubao wa matangazo na kwenye kundi la WhatsApp la kijiji.

Tarehe 8 nilituma ukumbusho kwa wote wanaoandika mara kwa mara: kanisa, shule, klabu ya kriketi, chama cha wanawake, kamati ya ukumbi na mwenye baa. Ndani yake niliweka maswali sita: shughuli gani, siku gani ya juma, tarehe gani, saa ngapi, wapi, na simu ya kuulizia ni ipi. Siku ya juma na tarehe niliomba zote mbili kwa makusudi. Watu wengi huchukua tangazo la mwaka jana, wakabadilisha tarehe na kuisahau siku. Zikipingana, kosa linajitokeza lenyewe kabla ya kuchapwa. Kila tangazo nililihakikisha kwenye kalenda ya ukutani, hata lililotoka kwa mtu asiyekosea kamwe. Saa niliiandika ikiwa na alama ya asubuhi au jioni, na sisi tuliokua tukihesabu saa kuanzia mapambazuko tunapaswa kujisoma mara mbili hapo. Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba saa za nchi nzima hubadilishwa. Toleo la miezi hiyo lilikuwa na mstari wa kuwakumbusha watu, la sivyo nusu ya waumini wangefika kanisani Machi ibada ikiwa imekwisha, na Oktoba saa nzima kabla haijaanza.

Kanuni nyingine ndogo iliyoniokoa mara nyingi: tukio la tarehe 1 hadi 7 huingia katika matoleo mawili. Kijarida cha Mei kikichelewa mlangoni hadi tarehe 3, gulio la tarehe 2 limeshapita. Likiwa limetajwa katika toleo la Aprili, hakuna aliyelikosa.

Kuna habari moja ambayo msomaji wa mjini hataitarajia. Nyumba nyingi za vijijini huku hazina bomba la gesi. Zinapashwa joto kwa mafuta ya taa yaleyale tuyajuayo, yanayowekwa kwenye tangi bustanini. Lori kwa kawaida haliji kwa chini ya lita 500, na mjane anayeishi peke yake hana kila mara fedha za lita 500 kwa mkupuo, wala hapendi kungoja tangi likauke. Kijiji hununua kwa pamoja: mratibu hukusanya oda, huwapigia wauzaji watatu au wanne, kisha huchukua bei nafuu kwa jumla ya lita zote. Kazi ya kijarida ni kutaja siku ya mwisho ya kuweka oda, na kuitaja mapema. Nilichapa tarehe za oda za Oktoba, Desemba na Februari tangu Septemba, pamoja na maelezo ya kupima kiasi kilichobaki, kwa sababu tangi likikauka kabisa, bomba huingiwa na hewa au takataka za chini na fundi lazima aitwe kuwasha mtambo upya.

Taarifa za misiba niliziendea taratibu. Nyumbani tumezoea kusikia tangazo la kifo leo na mazishi kesho kutwa. Huku mara nyingi hupita wiki mbili au tatu, hivyo kijarida cha mwezi kinaweza kubeba tarehe ya mazishi. Sikuchapa neno mpaka mmoja wa wafiwa athibitishe tahajia ya jina, mahali, saa, na kama familia inapokea maua au inaomba mchango kwa shirika fulani. Hilo la maua lina uzito. Mtu akifika na shada pasipotakiwa maua atajisikia vibaya siku ambayo hakustahili kujisikia hivyo.

Namba ya simu au picha ya mtu haikuingia bila idhini ya maandishi, na picha ya mtoto haikuingia bila idhini ya mzazi. Barua za kumshutumu jirani sikuzichapa hata zikiwa na saini. Wizi uliandikwa kwa kutaja barabara na aina ya kitu, bila jina la mwenye nyumba.

Ukurasa wa mwisho haukubadilika mwaka mzima, ili watu waubandike kwenye friji. Ulikuwa na 999 ya dharura, 101 ya polisi pasipo dharura, 111 ya ushauri wa afya, 105 ya umeme unapokatika, siku za mapipa, na mahali ilipo mashine ya kushtua moyo. Yetu iko ndani ya kibanda chekundu cha simu kilichonunuliwa na baraza kutoka kampuni ya simu ya BT kwa pauni 1. Kisanduku chake kina kufuli la namba, na namba hiyo hutolewa na anayepokea simu ya 999. Hilo lazima liandikwe wazi, kwa sababu mtu mwenye hofu atahangaika na kufuli badala ya kupiga simu.

Sasa uchapaji. Tulitumia mashine ya kudurufu aina ya Risograph iliyo katika chumba cha nyuma cha ukumbi. Mwalimu aliyewahi kudurufu mitihani ya shule ataitambua kazi yake: mashine hukata stensili moja kwa kila upande, kisha hutoa nakala kwa kasi. Gharama kubwa iko kwenye stensili, kwa hiyo nakala 20 ni ghali na nakala 360 ni rahisi. Kijarida cha kurasa 24 za A5 ni karatasi 6 za A4, yaani pande 12 na stensili 12. Nakala 360 mara 6 ni karatasi 2,160. Rimu 4 hazitoshi, nilinunua 5, na zilizobaki zilifidia zilizoharibika. Fedha zilitoka kwa matangazo ya biashara: robo ukurasa pauni 45 kwa mwaka, nafasi 24, jumla pauni 1,080, au 108 kwa kila toleo. Nafasi hizo 24 ni kurasa 6, na sikuruhusu zizidi.

Mpangilio wa kurasa ndio unaowashinda wengi. Idadi lazima igawanyike kwa 4. Katika kurasa 24, kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi hujumlishwa kuwa 25 daima: 24 na 1, nyuma yake 2 na 23, karatasi inayofuata 22 na 3, nyuma 4 na 21, mpaka katikati, 12 na 13. Jumla ikiwa si 25, simama. Programu ya kompyuta hupanga yenyewe, lakini haijui wewe utaigeuza karatasi vipi unapoirudisha kwenye trei. Piga moja, igeuze, piga nyuma, ikunje, isome. Nakala 360 zenye kurasa za nyuma zilizopinduka kichwa chini ni zaidi ya rimu nne kwenye pipa.

Wino wa mashine hii haukauki haraka, unanyonywa na karatasi. Karatasi inayong'aa haifai kabisa. Nilitumia ya kawaida ya gramu 80. Tulipiga upande wa kwanza jioni, tukaziacha zilale, tukapiga upande wa pili kesho yake. Ukiharakisha, rola zitabeba wino wa upande wa kwanza na kuacha alama za kijivu kwenye kila ukurasa. Picha yenye eneo kubwa jeusi juu ya ukurasa hufanya karatasi ing'ang'anie silinda na kukwama, kwa hiyo picha niliziweka chini ya katikati na kuzipunguzia weusi kabla. Picha ya upana wa milimita 124 inahitaji nukta 1,460 hivi kwa upana ili itoke vizuri. Iliyopita WhatsApp huwa imebanwa, basi niliomba itumwe kwa barua pepe. Na rimu zisiachwe kwenye ukumbi usio na joto wakati wa baridi. Karatasi hunyonya unyevu, hujikunja kingo, na mashine huvuta mbili mbili. Tulizileta ndani ya nyumba yenye joto siku mbili kabla.

Kukusanya kurasa ni kazi ya watu wanane, meza ndefu na birika la chai. Mafungu 6 hupangwa kwa mstari, karatasi ya katikati ikiwa ya kwanza kuokotwa, watu wakizunguka meza. Stepla lazima iwe ya mkono mrefu, na kizuizi chake kikazwe milimita 148.5 kutoka ukingoni, nusu kamili ya A4. Pini mbili, zipigwe jalada likiwa juu ili ncha zibaki ndani. Kisha kunja, na sugua mkunjo kwa mgongo wa kijiko. Tuligundua mapema kwamba anayekunja asiwe anayepiga pini, kwani mikono yenye wino huchafua jalada.

Kosa likionekana baada ya kuchapa, kuna mambo mawili tu. Kama ni tarehe, saa au simu, tulichapa vijikaratasi na kuvibandika juu ya kosa, vyote 360, hata kama ni usiku. Kama ni tahajia ya neno la kawaida, tuliliacha.

Usambazaji niliugawa kwa njia 12, wastani wa nyumba 28 kila moja, na orodha iliandikwa kwa mfuatano wa kutembea, hata kama namba za nyumba zinaruka. Kila fungu lilikuwa na nakala moja ya ziada. Matundu ya barua kwenye milango mingi yako chini, yana springi kali, na nyuma yake kuna mbwa. Wasambazaji walibeba mwiko mdogo wa mbao wa kusukumia. Kijarida kisukumwe hadi kianguke ndani. Kikibaki kimening'inia kwenye nyumba ya mapumziko ambayo wenyewe huja kiangazi tu, kinamwambia kila mpita njia kwamba hamna mtu. Mashamba yaliyo mwisho wa njia za matope yalikuwa na masanduku ya bati kwenye geti la barabarani, na nilipendelea kuyafikia mwenyewe kwa gari tarehe 28, kwa kuwa wakulima ndio waliokuwa wa kwanza kuniambia barabara ipi itafungwa kwa mavuno na daraja lipi limeanza kufurika.

Aliyehamia karibuni alipata bahasha: toleo la mwezi, karatasi ya mapipa, na jina la msambazaji wa mtaa wake. Nyumba ikibandikwa bango la kuuzwa, msambazaji aliandika pembeni mwa orodha "angalia mwezi ujao".