Nilivyojikuta mshauri wa IT na mwalimu kwa wakati mmoja

Watu wananiuliza sana nimewezaje kufanya ushauri wa IT na kufundisha kwa pamoja bila kimoja kuua kingine. Kusema ukweli sikupanga. Nilianza kama fundi kompyuta tu, yule wa kuitwa printa ikigoma, na nilikuwa najiona najua kweli kweli, mtu akianza kueleza tatizo mimi nishashika kibodi kabla hajamaliza sentensi.

Sasa kuna ofisi moja niliitwa, kila asubuhi mtandao unakata kwa baadhi ya watu, wengine wako fresh, mchana unarudi kwa huyu unakata kwa yule. Nikabadilisha kebo, nikabadilisha swichi ya mtandao, nikawapigia wanaowapa intaneti nikawafokea, na maskini hawakuwa na kosa lolote. Siku ya pili jioni ndo nikapiga ipconfig, amri ya kuonyesha anwani ya kompyuta kwenye mtandao, kwenye mashine moja iliyogoma, nakuta anwani yake inaanza na 192.168.1 wakati mtandao mzima wa pale uko kwenye 10.0.0, nikabaki najiuliza kwa sauti hii kapewa na nani. Dada wa mapokezi akasema tena kwa upole kabisa, "si itakuwa ile rauta ya WiFi tuliyochomeka chumba cha mikutano wiki iliyopita, maana kule ilikuwa haishiki?" Kumbe! Rauta mpya imetoka dukani DHCP yake, yaani huduma ya kugawia kompyuta anwani, iko on, inagawa anwani zake na seva nayo inagawa zake, kompyuta ikiwashwa asubuhi inachukua ya aliyewahi kujibu. Dawa yake dakika 5, unazima DHCP ya ile rauta, unaipa anwani yake yenyewe ndani ya mtandao wa pale, kazi imeisha. Siku mbili zangu zimekwenda kwa sababu sikuuliza kama kuna kitu kipya wameongeza.

Baadaye kidogo nikaombwa kufundisha jioni, watu wazima wenye kazi zao wanaotaka kuhamia IT. Nikaenda na slaidi 60 na tabaka 7 za OSI, ule mfano unaoeleza mtandao kuanzia kebo chini hadi programu juu, nazisoma kama mtu anayesoma risala. Wiki ya tatu darasa limebaki nusu. Nilijiambia hawa hawako siriasi, ila moyoni nilijua, nilikuwa nawapa majibu ya matatizo ambayo hawajawahi kukutana nayo.

Wiki iliyofuata nikabeba rauta mbili na swichi ya zamani, nikauharibu mtandao makusudi kabla hawajafika, kosa lile lile la ile ofisi. Nikawaambia leo mimi ndo mteja, niulizeni chochote ila sigusi kitu, nikaweka mikono nyuma. Jamani, kukaa kimya wakati jibu unaliona liko pale mbele ni kazi ngumu kuliko kupiga kichwani hesabu za sabneti, zile za kugawa mtandao vipande. Wakachomoa, wakachomeka, wakabishana, wakawasha na kuzima, zimepita kama dakika 40 ndo kijana mmoja wa nyuma ananiuliza, "samahani mteja, kuna kitu mmeongeza hapa karibuni?" Nilitamani kumkumbatia. Zile tabaka 7 nikazifundisha siku hiyo hiyo ubaoni, na safari hii waliandika wenyewe maana walishahangaika kuanzia kwenye kebo kupanda juu.

Lakini kilichobadilisha kazi yangu ya ushauri ni siku ya bekapu. Nilikuwa natema madini kuhusu kanuni ya 3-2-1, nakala 3, kwenye aina 2 za hifadhi, 1 ikae nje ya jengo. Kuna mama mmoja pale, kafanya uhasibu miaka mingi, akanyoosha mkono, "Mwalimu, na hizo bekapu za wateja wako umeshawahi kuzirudisha ukaona kama zinafunguka?" Nikajibu maelezo marefu ya kitaalamu. Ukiyakamua maji unabaki na neno hapana.

Sikulala vizuri. Kesho yake nikaenda kwa mteja wangu mkubwa, kila usiku barua pepe inakuja imeandikwa imefanikiwa, imefanikiwa. Nikachukua kompyuta ya zamani nikarudisha kila kitu humo, folda ya mahesabu ikafunguka bila shida, ila faili la mwisho kabisa ni la miezi 7 nyuma. Ilikuwa hivi, tulipohamisha mfumo wa mahesabu kwenda diski mpya nilisahau kuielekeza programu ya bekapu huko, yenyewe ikaendelea kunakili folda ya zamani kwa uaminifu kila siku. Programu haikudanganya, ilifanya nilichoiambia. Na aliyeiseti ni mimi, sina wa kumsingizia.

Ningeweza kurekebisha kimya kimya, hakuna ambaye angejua, na wazo hilo lilinijia siwezi kujifanya malaika. Nikamwambia mteja. Alinyamaza kidogo akauliza, "kwa hiyo seva ingekufa jana?" Nikasema miezi 7 ya mahesabu ingekuwa imekwenda nayo. Mwezi ule hakunilipa na sikudai. Mkataba aliuendeleza lakini kwa kipengele kimoja kipya, kila miezi 3 nirudishe bekapu mbele ya macho yake, na kipengele hicho siku hizi nakiweka mwenyewe kwenye kila mkataba hata mteja asipokiomba.

Halafu kuna aibu ya paswedi. Miaka nilifundisha paswedi ibadilishwe kila siku 30, na wateja nikawalazimisha hivyo hivyo. Matokeo yake watu wanaweka jina la mwezi na alama ya mshangao mwishoni, au wanabandika karatasi chini ya kibodi. 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ikatoa mwongozo kwamba usimlazimishe mtu kubadili paswedi kwa ratiba tu kama hakuna dalili imevuja, bora iwe ndefu. Ikabidi nirudi darasani niseme nilichowafundisha nakifuta, na wale waliokwisha kumaliza nikawatumia ujumbe mmoja mmoja. Mmoja akanijibu, "asante mwalimu, hapa ofisini walikuwa wanakuchukia bila kukujua".

Kuhusu kugawa muda hakuna maajabu, jioni mbili kwa wiki ni za darasa na mteja anajua hilo kabla ya kusaini, na mwezi ambao wateja wamekauka darasa ndo linashikilia. Vyeti ninavyo, CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, inakwisha baada ya miaka 3 kwa hiyo inakulazimisha kusoma, vinasaidia mlango ufunguke ila ndani unaingia na maswali yako. Visa vya wateja navitumia darasani nikishatoa majina, na mwanafunzi simuuzii kitu.

Yule mama mhasibu alimaliza kozi, ndo naenda naye kwenye yale majaribio ya kila miezi 3. Yeye anarudisha mafaili na kulinganisha tarehe moja moja kwa kalamu, mimi nimesimama pembeni mikono nyuma.