Kamba isiyofungwa

Nilienda Hell's Gate, ile hifadhi ya Naivasha, na washkaji wa chuo, nadhani ilikuwa 2014, mimi mtoto wa Lamu ambaye mlima mrefu nilioujua ni vile vilima vya mchanga vya Shela. Tukakodi baiskeli, jua kali, pundamilia wanatuangalia tu, mpaka tukafika Fischer's Tower, mwamba wa volkeno umesimama peke yake kama jino, mita 25 hivi, na pimbi wamejaa chini wanaota jua. Mwongozaji akatuvalisha hanesi, ile mikanda ya kiunoni na mapajani, na helmeti halafu akaninyooshea kidole: "Wewe utambilei huyu."

Huyu mwenyewe ni jamaa tuliyemwita Bonge, na jina halikuwa la utani sana. Nikauliza kubilei ndio nini, akasema ni kumshikia mwenzako kamba asianguke. Basi kamba imefungwa kiunoni kwa Bonge kwa fundo la umbo la namba nane, inapanda mpaka juu, inapita kwenye ringi za chuma, inarudi chini kwangu, na kwangu haijafungwa popote! Imepinda tu ndani ya kidude cha chuma kwenye hanesi, iliyobaki naishika kwa mkono. Nikamwambia boss, si tufunge na huku? Akacheka. Akasema ukifunga hawezi kupanda wala kushuka, we vuta inayolegea, na mkono wa kulia usiachie hata nyuki akikuuma.

Akaongeza kwamba neno lenyewe wapanda milima waliliokota kwa mabaharia, wale wa meli kubwa za matanga za Wazungu, wakizungusha kamba kwenye vigingi vya mbao kwa mtindo wa nane ndio kubilei huko, na mkubwa wa meli akilipiga kelele neno hilohilo maana yake basi, acha hapo. Na kabla ya hivi vidude wapandaji walikuwa wanaizungusha mgongoni mwao tu, msuguano wa nguo na mwili ndio breki, wazimu kabisa.

Hapo nikamkumbuka mjomba. Nilikuwa na miaka kama 12, tuko kwenye mashua yake, upepo wa kusi umeshika, akanipa demani, ile kamba ya kuongozea tanga, niishike yeye achote maji, mikono ikachoka nikaona niwe mjanja, nikaikaza kwenye kigogo mafundo matatu. Akageuka akaona, akaruka kama kaungua. "We mjomba wataka kutuzamisha?" (Ndivyo tunavyoitana, yeye mjomba na mimi mjomba.) Akayafungua mafundo kwa meno, akaizungusha kamba kwenye kigogo mara mbili tatu, ncha mkononi. Akasema ukija upepo wa ghafla na tanga limefungwa mashua inalala ubavu, lazima kamba ishike na papo hapo iweze kuachia.

Sasa Bonge kafika karibu na kileleni, anajigamba anataka apigwe picha, mguu ukateleza. Sikusikia kelele yake, nilichosikia ni hanesi kunibana mapajani, nikanyanyuliwa juu kama mita moja, goti likagonga mwamba, na mkono wa kulia uko chini pajani umekaza, sijui hata nani aliuambia. Tukabaki tunaning'inia wote wawili, pimbi wametawanyika, washkaji badala ya kusaidia wanacheka. Nikaanza kuachia kidogokidogo, kamba inapita kiganjani ya moto moto, miguu yangu ikagusa ardhi, na yeye akashuka taratibu mpaka chini akakaa na kuomba maji.

Usiku tukiwa Naivasha nikampigia mjomba simu nikamweleza yote, kamba, kidude, Bonge, goti. Akasikiliza vizuri kabisa halafu akauliza, "Ehe, na mlikuwa mwaenda wapi?" Nikamwambia hatukuwa tunaenda popote, unapanda halafu unashuka.

Akanyamaza kidogo. "Haya. Goti litie siki."