Nilivyoijenga Sanchin kuanzia miguuni

Sanchin ni kata fupi, yaani mfululizo wa miondoko iliyopangwa, ya Goju-ryu, mtindo wa karate wa Okinawa, Japani: hatua chache mbele, chache nyuma, ngumi za polepole, basi. Mgeni anayeitazama haoni cha maana. Ila Kanryo Higaonna, aliyeyaleta Naha, mji wa Okinawa, mafunzo ya Fuzhou, China, aliwashikilia wanafunzi wake hapo muda mrefu kabla ya kuwapa kingine, na Chojun Miyagi, mwasisi wa mtindo huu, aliiacha iwe msingi.

Nilianza na miguu peke yake, mikono ikining'inia. Upana ni wa mabega. Kisigino cha mguu wa mbele kiwe mstari mmoja na ncha za vidole vya mguu wa nyuma. Nilichora mstari huo kwa chaki, maana jicho hudanganya. Magoti yanakunjwa kidogo na kuvutana ndani. Ukipiga hatua, mguu unapita karibu na mwenzake ndipo unafunguka nje, na kichwa kisipande wala kushuka. Kamba iliyofungwa usawa wa utosi ilinisaidia kuliko kioo.

Kiuno ndicho huwashinda wengi. Ncha ya uti wa mgongo huvutwa chini, lakini wakiisukuma mbele mno magoti hunyooka, na msukumo mdogo kifuani unawarudisha nyuma.

Pumzi nilifundishwa kwa kukabwa koo ili sauti ikwaruze. Niliiacha njia hiyo. Koo likifungwa, mishipa ya shingo hutuna, shinikizo la damu hupanda na kizunguzungu hufuata. Mwenye presha asijaribu kabisa. Nilivuta kwa pua kwa hesabu ya nne, nikatoa kwa mdomo kwa sita, tumbo likikaza taratibu chini ya kitovu, na sikuimaliza hewa yote: aliyebaki mtupu hana kinga akipigwa. Ngumi na pumzi zianze pamoja, ziishe pamoja.

Mikono ikaja mwisho. Kiwiko hukaa upana wa ngumi moja kutoka mbavuni, ngumi usawa wa bega. Wenye misuli hukaza kila kitu tangu mwanzo. Mabega hupanda na ngumi inakokotwa. Miguu na tumbo visilegee, ila mkono nauacha mlaini hadi karibu na mwisho wa pumzi. Huo ndio ugumu na ulaini wa Goju, na nadhani ndiyo sababu Sanchin hufundishwa sambamba na Tensho, kata ya Miyagi ya mwaka 1921, yenye viganja wazi.

Makofi ya kujaribia mkao, yaani shime, kazi yake ni kuonyesha palipolegea. Kwa anayeanza yanampandisha mabega tu. Kiganja cha mwenzako kinatosha: abonyeze kwapani, tumboni, kisha mgongoni, akiongeza uzito polepole. Akikusogeza, angalia kwanza kisigino cha nyuma. Mara nyingi kimenyanyuka.