Bei ya sange

Jumamosi, usiku

Kuchora dude lenye meno na mabawa hakujawahi kunipa tabu. Tabu ni kulipangia bei, yaani gharama ambayo mchezaji atalipa mezani ili alitumie. Leo nimeshinda na kadi moja tu mezani, ya sange, mnyama mdogo wa pua ndefu asiyefika hata kilo moja, nimeandika na kufuta mpaka karatasi imeanza kutoka nyuzi.

Kwa wasioujua mchezo wa kadi za Pokémon, niseme machache. Kila mchezaji ana deki ya kadi 60. Unaanza na 7 mkononi, unaweka 6 kando kuwa zawadi, na kila ukimwangusha mnyama wa mwenzio kwa kawaida unachukua zawadi moja. Anayezimaliza zake kwanza ameshinda. Mnyama mmoja anapigana mbele, wengine wasiozidi watano wanangoja benchi. Halafu kuna enaji. Kila zamu unaruhusiwa kumbandikia mnyama wako kadi moja ya enaji, moja tu, na karibu kila shambulio linadai enaji kadhaa kabla halijafanya kazi. Mchezo mzima umesimama juu ya kanuni hiyo. Ukitaka kubuni kadi yako mwenyewe, hapo ndipo pa kuanzia, si kwenye picha.

Mfano ni Charizard wa seti ya kwanza, ile iliyotoka Japani mwaka 1996 na kwa Kiingereza mwaka 1999. Kila mtu anamjua: HP 120, yaani uhai wake, ukiisha ameanguka; shambulio lake Fire Spin linapiga 100; mchoro wa Mitsuhiro Arita, joka la rangi ya chungwa limetanua mabawa. Watoto wakiona ile 100 wanapagawa. Lakini soma kadi yote. Fire Spin inataka enaji nne za moto, na ukishapiga unatupa mbili. Kwa enaji moja kila zamu, hiyo ni zamu ya nne. Tena Charizard haji mwenyewe. Lazima uanze na Charmander, umgeuze Charmeleon, ndipo umfikie yeye. Na huyo Charmander ana HP 50. Wakati huo mwenzako ameweka Hitmonchan, mnyama wa mwanzo asiyegeuka chochote, HP 70, enaji moja ya ngumi, anapiga 20 tangu zamu ya kwanza. Ngumi tatu, Charmander amelala. Ndiyo maana miaka ile waliokuwa wakishinda mashindano walimbeba Hitmonchan na wenzake Electabuzz na Scyther, na Charizard akabaki kwenye albamu, anasifiwa.

Mimi namwona Hitmonchan kuwa kadi iliyobuniwa vizuri zaidi, na najua wapo watakaoninunia kwa kusema hivyo.

Kadi nyingi za mashabiki ninazoziona zina ugonjwa mmoja: HP 500, shambulio 300, enaji mbili, na udhaifu, yaani aina ya adui anayemuumiza maradufu, hakuna. Michoro mingine ni ya kustaajabisha, lakini ukiiweka kadi mezani mchezo umekwisha kabla haujaanza. Wala si mashabiki peke yao. Sneasel wa seti ya Neo Genesis, mwaka 2000, alitengenezwa na watu wa kazi hiyo: enaji mbili, unarusha sarafu kwa kila mnyama uliye naye mchezoni, kila kichwa ni 20. Ukiwa na wanyama sita inaweza kufika 120. Hana udhaifu, kurudi benchi ni bure, bila kutupa enaji. Mwisho wake alipigwa marufuku kwenye mashindano. Kadi ya kutisha haina haja ya namba kubwa. Inatosha kusahau kuidai kitu.

Jambo jingine ni enzi. Charizard VMAX wa mwaka 2020 ana HP 330. Ukibuni kadi bila kuamua itacheza na nani, namba zako hazina maana yoyote. Sisi hapa nyumbani tunachezea kadi za zamani, boksi alilotuletea binamu kutoka Doha, kwa hiyo nabuni kwa kipimo cha 1999.

Nilitaka mnyama wa huku kwetu, na nikagundua wengi wameshachukuliwa. Kakakuona? Kuna Sandslash. Kinyonga? Kecleon. Hata silikanti, yule samaki wa kale aliyevuliwa karibu na Malindi mwaka 2001, ana ndugu yake anaitwa Relicanth, na wala hawakuchelewa. Relicanth alitoka mwaka uliofuata. Nikabaki na sange.

Sange wa msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, ukitaka kumwona kwa urahisi nenda magofu ya Gedi, jirani na msitu huo, asubuhi, kaa kimya nyuma ya ukuta. Kwanza utasikia majani makavu. Kisha pua, ndefu, inayopindapinda kama ina akili yake, inachokoa wadudu. Miguu myembamba mno kwa mwili ule. Na nyuma, pale kiunoni, kipande cha manyoya ya rangi ya dhahabu inayong'aa, utadhani amekalia rangi ya ukutani. Ngozi ya sehemu ile ni nene kuliko ya mgongoni. Inadhaniwa kuwa rangi ile humvuta adui ang'ate pale pale palipo na ngozi ngumu, sange naye akachomoka. Akikuona hakimbii hapo hapo. Anapigapiga mkia kwenye majani, tap, tap, maana yake nimeshakuona, usijisumbue.

Mnyama wa namna hiyo amekuja na kadi yake mkononi. Shambulio ni Kofi la Mkia. Kipaji, yaani uwezo alio nao bila kushambulia, nilikiita Kiuno cha Dhahabu. Mwana wa kaka yangu, ambaye ndiye mpinzani wangu na mkaguzi wangu, hataki kabisa.

"Shangazi, si kiuno. Ni matako."

"Andika hivyo umpelekee babako asome."

Kikabaki Kiuno.

Mchoro ulichukua jioni moja, kwenye simu, kwa kidole. Sikutaka kuiga mtindo wa Arita. Nampenda zaidi Yuka Morii, ambaye hufinyanga wanyama wake kwa udongo kisha akawapiga picha, kwa hiyo nilijaribu kumpa sange uzito ule wa kitu kilichofinyangwa. Kuchapisha ni rahisi: kadi ni milimita 63 kwa 88, karatasi ya A4 inabeba tisa. Sichapishi mgongo. Nakata karatasi, naitia kwenye kifuko cha plastiki mbele ya kadi halisi isiyo na thamani, hapo migongo yote inafanana na hakuna wa kuchungulia deki. Chini, pale kampuni zinapoweka alama ya hakimiliki, naandika "kadi ya shabiki". Jirani mmoja aliniuliza kwa nini siuzi. Jina Pokémon si langu, na kadi ya shabiki ikishaingia sokoni haiko mbali na kadi bandia. Ya kuchezea barazani inanitosha.

Basi tukaja kwenye bei. Sange nimempa HP 50, udhaifu wa ngumi, kurudi benchi bure kwa sababu ya zile mbio. Kofi la Mkia: enaji moja ya aina yoyote, 10. Kiuno cha Dhahabu kiliandikwa hivi mwanzo: mashambulio yote dhidi yake yapungue 30. Inasikika kama kitu kidogo. Tukajaribu na Pikachu. Shambulio lake kubwa, Thunder Jolt, ni 30, na sarafu ikianguka vibaya anajiumiza mwenyewe 10. Mbele ya sange linakuwa sifuri. Maskini Pikachu akawa anajipiga shoti mwenyewe huku sange anamwangalia. Kisha tukaweka sange kwa sange: 10 toa 30, hakuna kitu. Mchezo wa namna hiyo unaisha tu mtu akikosa kadi ya kuvuta mwanzoni mwa zamu yake, na kabla ya hapo wote mmeshalala.

Mtoto akapendekeza sarafu: kichwa, pigo linapungua, nyuma, unaumia. Sikuipenda. Sarafu inaamua badala yako, haikudai kitu.

Kilichonifungua macho ni kumkumbuka sange mwenyewe. Ile ngozi haimkingi akiwa amekaa. Inamkinga akiwa anakimbia, na mbio zina gharama. Kwa hiyo sasa akipigwa anatupa enaji moja, ndipo pigo linapungua 30. Hesabu ikakaa sawa. Ukitaka aendelee kujikinga, lazima enaji yako ya kila zamu uende ukambandikie yeye. Atasimama mbele, atachapa 10 zake, lakini benchi nzima inakaa njaa nyuma yake. Na Hitmonchan anampata: ngumi ya 20 inakuwa 40 kwa udhaifu, toa 30, inapenya 10. Akikosa enaji, anakula 40 zote na kubaki na 10 za kuponea. Hapo unaanza kufikiri. Nimlinde yeye au nimlishe aliye benchi? Tumecheza hivyo mpaka saa ya kula, na mara ya kwanza sikusikia mtu akilalamika kwamba anaonewa.

Maneno ya kadi ndiyo yaliyotuchelewesha. Mtoto huyu atakuja kuwa wakili.

"Akipigwa. Na sumu je? Sumu ni kupigwa?"

Nikabadilisha: akiumizwa na shambulio la mpinzani. Sumu inamdonoa mwishoni mwa zamu, si shambulio, haihusiki.

"Hapa hujasema mara ngapi. Mimi nina enaji mbili, natupa zote, inapungua 60."

"Imeandikwa tupa enaji."

"Ndiyo, Shangazi. Haikuandikwa ngapi."

Nimeongeza "moja tu kwa kila shambulio", herufi zimebanana mpaka zinagusa mpaka wa kisanduku. Kesho nitapunguza ukubwa wa maandishi na kuchapisha karatasi moja, tisa. Yeye anataka wanne kwenye deki yake kwa sababu kanuni inaruhusu wanne wa jina moja. Nimemwambia awe na wawili kwanza. Ameniuliza hiyo imeandikwa wapi.