Miaka sita ya kukimbiza baiskeli kwa miguu

Mjomba wangu akiulizwa mi nafanya kazi gani huwa anajibu "anapiga picha za harusi", basi, na sijawahi kumsahihisha maana sio uongo. Sendofu, kichen pati, kipaimara, hapa Moshi ikifika Desemba wikiendi zangu zote zimejaa na hizo ndo zinalipa kodi ya nyumba. Hii nyingine ya kupiga picha watu wanaoshuka milima na baiskeli nilishaacha kuielezea kwenye vikao vya ukoo, kuna siku shangazi aliniuliza "kwani hao wageni wako hawana gari?" na jibu sina mpaka leo.

Watu wakiziona picha wanadhani na mimi nilikua juu ya baiskeli. Hapana aisee. Mwendeshaji analala mpaka saa moja, mi saa kumi na moja alfajiri nishaanza kupanda kwa miguu na begi la kilo kumi na nne, ndani kuna kamera mbili, lenzi ya kuvuta mbali ya 70-200, ile pana ya 16-35, flashi mbili na stendi zake, betri, maji, na chapati nimefunga kwenye gazeti. Nafika kwenye kona niliyoichagua jana yake, nachuchumaa kwenye majani yenye umande, nasubiri. Dakika arobaini, wakati mwingine saa nzima. Afu unaanza kusikia kabla hujaona, cheni inagonga fremu, breki zinalia, jamaa anakatiza mbele yako sekunde mbili tu kapotea. Kama hujampata inabidi apande tena na hapo ndo utamjua mtu vizuri, kuna anayerudi anacheka na kuna anayerudi anakuangalia kama umemla hela yake.

Harusi zimenisaidia kuliko kozi yoyote ya mtandaoni, nasema kweli. Ukumbini ukishapiga harusi mia unajua kabisa shangazi gani atanyanyuka na vigelegele kabla hajanyanyuka, unaona kwenye mabega. Mtu wa baiskeli hivyo hivyo, kabla ya kuruka jiwe anajikunja, kiwiko kinatoka nje, shingo inaangalia pale anapotaka kutua na sio pale alipo. Ukibonyeza ukiwa umeshamuona hewani umechelewa. Haya ya spidi ya shata, yani muda kamera inafungua jicho, ukizoea hata hufikirii, kumgandisha hewani naanza 1/1000 ya sekunde kwenda juu, nikitaka yeye atulie afu miti nyuma yake ivutike kama imepigwa brashi nashuka 1/60 nazungusha kiuno pamoja naye. Hiyo ya pili nakosa picha kumi kupata moja, na hiyo moja ndo mteja anaitaka.

Ila kitu kilichonisumbua miaka yote hii ni kwamba mlima haupigiki. Namaanisha hivi, umesimama sehemu ambayo wewe mwenyewe umepanda kwa mikono na magoti, jamaa anashuka pale roho mkononi, tairi la nyuma linaelea, unaangalia kwenye skrini unakuta mtu anaendesha baiskeli kwenye uwanja wa mpira. Tambarare kabisa! Kamera inaulaza mteremko. Mwanzoni nilikua nainamisha kamera ili njia ionekane imesimama, ujanja wa kijinga huo, miti inakuumbua, kila mti porini umelala upande mmoja kama umepigwa kimbunga na mtu yeyote anayeendesha atakucheka. Ukisimama juu ukapiga kuelekea chini ndo umeua kabisa. Taratibu nikajifunza kukaa ubavuni, kamera chini karibu na udongo, na kuhakikisha ndani ya picha kuna kitu ambacho kila mtu anajua kinasimama wima, mti, nguzo, nyumba, mtu aliyebeba ndoo. Jicho la mtazamaji linapima kwa hicho. Hata hivyo bado nakosa mara nyingi tu.

Kilimanjaro nimeenda mara tatu na baiskeli, yani na watu wenye baiskeli. Inaruhusiwa kwa njia ya Kilema, inapanda mpaka inakutana na njia ya Marangu pale Horombo, mita 3,720. Sehemu ninayoipenda ni lile jangwa la Tandiko (Saddle) kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, pana, peupe, upepo, hakuna mti hata mmoja wa kukuumbua, na baiskeli inaonekana ndogo kama sisimizi huku Kibo imekaa nyuma. Kutoka kambi ya Kibo Hut kwenda juu wengi hawaendeshi tena, baiskeli inabebwa mgongoni usiku kucha mpaka Gilman's, pale ukingoni mwa kreta, na hapo ndo huwa nageuza kamera kwa wagumu wetu, yani wapagazi, maana wamebeba mzigo unaoruhusiwa mwisho kilo 20 na bado wanaimba, wakati mteja kabeba kijichupa cha maji anahema. Betri kule zinakufa kwa baridi, nalala nazo ndani ya sleeping bag nimezifunga na soksi. Mara ya kwanza sikujua, nikafika kileleni Uhuru, mita 5,895, jua linatoka, kamera zote mbili zimezima. Nikapiga na simu. Mteja mpaka leo anadhani ilikua ni "staili" yangu.

Safari za nje hazijawa nyingi kama mnavyodhani. Sauzi nimeenda mara mbili kwa sababu Mtanzania huombi viza, na pale kuna Cape Epic, mashindano ya baiskeli za mlimani ya siku nane kila mwezi wa tatu, timu za watu wawili wawili, yalianza 2004, ukikaa pale ndo unaelewa wenzetu wameifikisha wapi hii kitu. Kuna wapiga picha wanapelekwa na pikipiki, wengine helikopta iko juu, mi nilikua na mshkaji wangu wa Cape Town na gari lake bovu tunapita barabara za vumbi kukimbilia kona inayofuata, na jioni ndo kazi inaanza, kuchagua kwenye picha elfu tatu na kutuma kabla mteja hajalala. Watu huku walishangilia sana 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipokuja Kigali, mara ya kwanza Afrika, na ni haki yao, ila ya mlimani yalishafika Pietermaritzburg 2013 na Greg Minnaar, mtoto wa palepale, akashinda mbio za kushuka mbele ya watu wa nyumbani kwao huku tairi limeisha upepo. Natamani ningekua nimekaa kwenye ile kona ya mwisho.

Ulaya ni hadithi nyingine. Nilipata kazi ya wiki moja milima ya Alps, tiketi inalipwa, malazi yanalipwa, nikapeleka makaratasi yote kwenye ubalozi wa nchi moja, nikalipa yuro 90. Dada wa dirishani akaniuliza, unaenda kupiga picha baiskeli? Ndio. Zimesimama? Hapana, zinashuka mlima. Akaandika kitu. Wiki mbili baadae nikanyimwa, eti hawana uhakika kama nitarudi nyumbani, na mi nilikua na harusi nne nimeshakula advansi yake, nisingerudi wangenitafuta hata kuzimu. Kazi akapewa mtu mwingine. Na kuna kampuni moja ya nguo, siitaji, picha zangu wametumia misimu miwili na invoisi yangu iko kwenye meza ya mtu ambaye kila nikiandika yuko likizo. Tuachane na hayo.

Nilitaka kuwaambia ya Lushoto.

Mwaka juzi nilikua Usambara na jamaa wawili kutoka Austria, baiskeli zao shokapu mbele na nyuma, bei yake unanunua Noah iliyotumika. Tulikua upande wa Irente, pale ambapo mlima unakatika ghafla na chini unaona Mazinde na mashamba ya mkonge, kama mita elfu moja hivi kwenda chini. Kuna kijia pale juu kina mawe na mizizi, jamaa wamekiangalia, wamekishuka kwa miguu, wamepanda, wamejadiliana Kijerumani nusu saa. Mi nishachoka kuchuchumaa. Mara nasikia kengele, kweli kabisa kengele, kri kri, anakuja dogo wa kama miaka kumi na nane kwenye baiskeli ya Phoenix, nyuma kafunga magunia mawili ya kabichi, miguuni ndala, breki ya mbele hakuna na ya nyuma anasaidia kwa kisigino. Akasema "samahani bro, njia", wale wakasogea, akapita. Mizizi, mawe, kona, huyo. Waaustria wamebaki midomo wazi, mmoja akavua helmeti akaiangalia.

Nilibonyeza bila kufikiria, fremu tisa. Moja imekaa vizuri, ndala hewani, gunia limeinama, vumbi jekundu. Ndo picha yangu iliyosambaa kuliko zote, hata wale jamaa waliiomba.

Niliichapisha kubwa, nikaweka kwenye fremu, miezi minne baadae nikarudi nayo. Kumtafuta haikua kazi, niliuliza sokoni mama mmoja wa karoti, akaniambia huyo wa kengele, mwanangu, subiri saa nane atapita. Akapita kweli. Akaishika ile picha kwa mikono miwili, akaangalia muda mrefu, akawaita wenzie, wakaongea Kisambaa, wakacheka. Mi nasubiri asante.

Akasema, "Kaka, imetoka fresh. Ila mbona hapa panaonekana tambarare?"

Nikaichukua nikaangalia tena. Nilikua nimesimama juu.

Tumekubaliana nirudi baada ya masika, atanionyesha sehemu mbaya zaidi ya hiyo, na amesema safari hii nikae ubavuni.